Meza ya magazeti ya Babu, Magomeni Mapipa: nyota nne kutoka kwa mama saluni

Nina saluni Magomeni, viti vitatu na draya mbili, moja nzima na nyingine ya kuunguza masikio. Tangu 2003 magazeti ya wateja wangu nanunua kwa Babu, Mapipa. Kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyepita mara moja, akakaribishwa vizuri, akaja kusifia. Meza hii naijua mpaka msumari wake wa pembeni, ule ulionichania magauni mawili na haujapigwa nyundo hadi leo. Babu, kama kuna mtu anakusomea haya: msumari!

Zamani meza ilikuwa ukingoni kabisa mwa Barabara ya Morogoro. Ulikuwa unanunua gazeti umening'inia mlangoni mwa daladala, na chenji unarushiwa. Ujenzi wa njia ya mwendokasi ulipoanza ikasogezwa, ikasogezwa tena, na mabasi yalipoanza kukimbia 2016 yeye alikuwa ameshatulia kichochoroni, chini ya mkungu, katikati ya fundi viatu na mama mmoja anayekaanga mihogo. Ukishuka kituo cha Mapipa ulizia kwa Babu Gazeti. Ukiulizia jina lake la kuzaliwa watakutazama kama mtu wa kodi.

Meza yenyewe ni mlango. Kweli kabisa, mlango wa mninga uliong'olewa bawaba ukalazwa juu ya matofali. Tundu la kitasa bado lipo, na ndiyo benki yake: sarafu anazidondosha tunduni, chini kuna kopo la maziwa linazipokea kwa kelele. Juu ya meza kuna kamba mbili, na magazeti yametundikwa kwa vibanio vya nguo kama soksi za watoto wa shule.

Masharti yake ni machache na hayajadiliwi. Kusoma vichwa vya habari ni bure, simama mpaka miguu iote mizizi. Kufungua ni hela. Kukodi ni shilingi mia mbili kwa nusu saa, na unasomea hapohapo kwenye benchi. Ukitaka kuondoka nalo, nunua. Mwenye mafuta ya mihogo mkononi hasogei, na yule mama wa jirani anajua kwamba wateja wake na wa Babu ni walewale, ila si kwa wakati mmoja. Fumbo la maneno halijazwi kwa kalamu kwenye gazeti la kukodi. Nimemshuhudia akimdai mtumishi mzima wa serikali, mwenye tai, bei kamili ya gazeti kwa sababu ya herufi tano.

Huduma kwa saluni kama yangu ni nzuri sana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mzigo unafika kwa bodaboda. Saa moja kijana wake anapita mlangoni kwangu na gazeti moja la habari na moja la udaku, hesabu tunafanya Jumamosi. Enzi zile udaku ukiwa udaku, wiki nzima ilikuwa na gazeti lake, na mtu akija kuweka dawa siku ambayo halijatoka tunamwonea huruma. Dawa inawasha kichwa, na kinachomfanya mwanamke avumilie kuwashwa ni nani kaachwa na nani. Nasema hivi bila aibu. Nimejenga chumba kimoja na choo kwa udaku.

Sasa kilichofanya meza ya Babu iwe tofauti na nyingine zote nilizowahi kusimama mbele yake ni kanga.

Alinisimulia mwenyewe ilivyoanza. Aliingia kazini 1988, magazeti ya Kiswahili yakihesabika kwa vidole: Uhuru, Mzalendo, Mfanyakazi, na Daily News kwa watu wa ofisini. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi 1992, magazeti ya watu binafsi yakaota kama uyoga, na nyuma yao yakaja ya picha na visa vya vyumbani. Meza ikapendeza, mauzo yakapanda, na akina mama wenye watoto wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Kisha 1998 serikali ikayafungia Kasheshe, Chombeza na Arusha Leo kwa mkupuo, kwa mambo ya katuni zilizoonekana kuwa za aibu. Babu alikuwa na nakala za zamani kwenye kamba. Askari mmoja akasimama, akazitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika (haya ni maneno ya Babu, si yangu), halafu akamwambia: "Mzee, mwenye gazeti simwoni hapa. Anayeonyesha nakuona wewe."

Na askari hakukosea. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 175, haimwangalii mwandishi na mhariri peke yao. Inamgusa anayetengeneza machapisho machafu, anayeyasambaza, anayekuwa nayo kwa biashara na anayeyaweka hadharani. Mtu mwenye mlango wa mninga na kopo la maziwa naye yumo. Ila kifungu hakikuwekewa rula. Hakisemi goti ni salama na paja ni kosa. Hayo anaachiwa hakimu, na kabla ya hakimu anaachiwa askari aliyesimama mbele ya kamba.

Babu akaenda nyumbani, akachukua kalenda kuukuu za karatasi ngumu, akazikata vipande vya upana wa kiganja. Tangu siku hiyo kila gazeti lenye picha ya kutilia shaka linavalishwa kipande kimoja kwa vibanio viwili, kuanzia kifuani kwenda chini, kichwa cha habari kikibaki wazi. Watu wakakiita kanga. Na kwa kuwa kanga bila jina si kanga, akaanza kuyaandika majina kwa kalamu nene: MACHO HAYANA PAZIA. Kingine: LIPA KWANZA UONE. Kingine alikiandika siku alipokuwa na hasira na mtu: NA DADA YAKO JE? Vijana wanamtania, "Babu, vua kanga tuone." Anawajibu, "Oa."

Watoto wenye sare za shule anawaruhusu kurasa za michezo tu, naye amesimama pembeni yao. Nimewahi kuona wizara nzima na semina zake zikishindwa kazi anayoifanya mzee huyu kwa kalenda ya mwaka juzi.

Jambo la pili kwenye meza hii ni mawe, na hapa niwe mwangalifu kwa sababu Babu hapendi siasa mezani.

Kila gazeti lina mahali pake. Ukifumba macho unajua Nipashe liko kushoto juu, Mwananchi katikati, Uhuru kulia. Julai 2012 MwanaHalisi lilipofungiwa bila kutajiwa mwisho, mahali pake pakabaki wazi. Babu akaweka jiwe. Nilipomuuliza akasema upepo unaotoka barabarani ukikuta pengo unafunua gazeti la jirani. Sawa. Septemba 2013 Mwananchi likafungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90, yakaja mawe mawili. Mwananchi kwa kutoa mishahara ya serikali gazetini! Wateja wangu walimu walisikitika, kwani ndiyo kwanza walikuwa wamejua bosi anapata kiasi gani.

Sheria iliyotumika wakati huo ilikuwa ile ya Magazeti ya 1976. Waziri akiona kwa maslahi ya umma gazeti lisimame, linasimama, hakuna kwenda kwa hakimu kwanza. Babu, ambaye alizaliwa kabla ya Uhuru, hupenda kukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alishtakiwa na wakoloni 1958 kwa maandishi ya Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Halafu anakaa kimya kidogo na kusema, "Na hiyo ya sabini na sita ilipitishwa nani akiwa Rais?" Kisha anageukia mteja mwingine. Hayo ndiyo siasa yake yote.

Novemba 2016 ikasainiwa sheria mpya, ya Huduma za Habari. Mimi nilidhani jiwe litaondoka. Kumbe leseni ya gazeti ikawa ya kila mwaka, na Idara ya Habari, Maelezo, ikayataka magazeti yote yawe yameomba upya mpaka Oktoba 15, 2017. Mwaka huohuo wa 2017 meza ya Babu ilifanana na bao la mtu anayeshinda: Mawio mwezi Juni, miezi 24; Septemba MwanaHalisi tena, baada ya kurudi mezani, miezi 24, na Raia Mwema siku 90; Oktoba Tanzania Daima siku 90. Jiwe la Mseto lilikuwepo tangu Agosti ya mwaka uliotangulia, miezi 36, tena lile lilifungwa kwa sheria ya zamani ikiwa inakaribia kufa. Mawe matano. Fundi viatu akaomba moja la kunolea kisu, akakataliwa.

Mimi nami nina leseni ya biashara, nailipia manispaa Kinondoni kila mwaka. Nikichelewa wananijia, na nikikutwa na uchafu wananifungia, haki yao. Lakini hajatokea afisa akanifungia miezi 24 kwa kuwa nimesuka mtindo ambao mkewe kausuka na yeye haupendi. Hapo ndipo napoona tofauti ya leseni na leseni.

Kwa haki nieleze na yaliyofuata. Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki, ile ya Arusha, ilisema Mseto halikufungiwa kihalali. Machi 2019 ikasema vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti la chama tawala chenyewe, CCM, likapewa siku 14 kwa habari iliyomhusu Rais Samia na uchaguzi wa 2025. Siku hiyo Babu alitafuta jiwe dogo, la heshima. Kisha Februari 2022 Waziri Nape Nnauye akayarudishia leseni manne: Mawio, Mseto, MwanaHalisi na Tanzania Daima, ambalo lilikuwa limefutiwa kabisa Juni 2020. Ni Nape yuleyule aliyelifungia Mseto 2016. Mkono uliofunga ndio uliofungua, na mimi sina maneno zaidi ya hayo. Babu aliyaondoa mawe asubuhi ileile, isipokuwa moja. Anasema linamfaa kwa upepo.

Sasa nyota niliyomnyima.

Nilikuwa na shoga yangu, mteja wa kila Jumamosi, mwanamke mcheshi mwenye nywele nyingi. Sitaji mwaka, na gazeti silitaji pia, kwa kuwa visa vya hivyo havikuwa vya gazeti moja. Jumamosi nilimsuka mtindo mgumu, mistari inayozunguka kichwa kama konokono, saa nne na nusu mgongo ukiniuma, nikajisifu nao. Katikati ya wiki kijana wa Babu akaleta gazeti la udaku kama kawaida. Ukurasa wa mbele, fumanizi. Mwanamke amejifunga shuka la gesti, mkono usoni, na machoni wamempitishia mstari mweusi mwembamba kuliko uzi wa rasta.

Uso haukuonekana vizuri. Nywele zilionekana. Konokono wangu mzima, mistari yote, imetoka vizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kuipiga kwa ajili ya matangazo. Mtaa mzima ukamjua kwa kazi ya mikono yangu kabla ya saa tatu asubuhi.

Nilikwenda Mapipa na kandambili za saluni. Gazeti lilikuwa kwenye kamba, limevalishwa kanga yake, MACHO HAYANA PAZIA, na watu wamepanga foleni.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mama saluni."

"Babu, huyu ni wetu. Lishushe."

Akaniangalia. Alikuwa hajamtambua, au alijifanya. Akasema, "Nimemfunika."

"Umefunika shuka. Kichwa umekiacha nje."

Akachukua kanga ya pili akafunika na kichwa. Mbele yangu. Halafu akaendelea kuuza. Waliokuja baadaye wakawa wananunua bila hata kuona picha, kwa kuwa habari ilishatembea kwa miguu. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki, mengine yakiangukia kifungu cha 175. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama, mzigo huu nimeuchukua kwa mali kauli. Nikiurudisha umefunguliwa, nalipa mimi."

Ndiyo maana ni nyota nne. Mtu anayejua kumsitiri mwanamke asiyemjua kwa kalenda, siku ilipofika ya kumsitiri anayemjua, alipiga hesabu. Hesabu yake naielewa, mimi pia mfanyabiashara. Sijamsamehe.

Wiki ile nilitaka lile gazeti lifungwe. Niseme ukweli, kwa sababu huwa nawasikia watu wakizungumza uhuru wa habari kama vile hawajawahi kuamka wakakuta jirani yao ukurasa wa mbele. Nilitaka waziri aamke, apige meza, alifunge na mtambo uliolichapa. Hakuna aliyepiga meza. Kwa nini apige? Shoga yangu hakuwa mkataba wa madini wala mshahara wa serikali. Miaka iliyofuata, kila gazeti lilipofungiwa miezi 24 nikawa natafuta kwenye taarifa ni aibu ya nani iliyolindwa, na mara chache nilikuta ni ya mwanamke wa Magomeni.

Tulimshauri aende Baraza la Habari. Lipo tangu 1995, ni chombo cha wanahabari wenyewe, lina kamati ya maadili inayopokea malalamiko ya watu wa kawaida na kulikalisha gazeti chini bila gharama za mahakamani. Mteja wangu mmoja karani wa mahakama alikuwa tayari kumwandikia barua. Shoga yangu akakataa. Akasema kulalamika ni kuisimulia tena, mara hii mbele ya watu wenye miwani. Akahamia kwa dada yake mkoani. Nywele alizifumua mwenyewe usiku, na mimi nikaacha kusuka ule mtindo.

Mwezi mzima sikununua kwa Babu. Nilinunua meza nyingine upande wa Magomeni Usalama, ambako niliuziwa gazeti la jana likiwa limekunjwa vizuri kama la leo, mara mbili. Nikarudi Mapipa. Babu hakusema kitu, alinipa gazeti na chenji, kisha akaniongezea la michezo ambalo sikuliomba na ambalo hakuna mtu saluni kwangu analisoma. Nilichukua.

Kuna tundu jingine ambalo wala Babu wala sheria haijaliziba. Gazeti lisipouzika, na muda wa kulirudisha kwa wakala ukapita, linauzwa kwa kilo. Linakwenda kufungia karanga, mihogo na maandazi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, gazeti kuukuu limekuwa dhahabu. Mwanangu wa mwisho, akiwa darasa la pili na ndiyo kwanza amekolea kusoma, alirudi kutoka dukani na andazi moja, akakaa kibarazani akawa ananisomea kwa sauti, herufi kwa herufi, kilichoandikwa kwenye karatasi. Mama yangu mzazi alikuwepo. Neno la tatu nilimpokonya andazi na karatasi yake. Lilikuwa gazeti la miaka miwili nyuma, bila kanga, limelowa mafuta, na limemfikia mtoto ambaye mezani kwa Babu asingeruhusiwa kulisogelea. Nilimpelekea Babu kile kipande. Alikikagua pande zote akasema, "Hili nililiuza kwa kilo." Tangu hapo ya picha hayauzi kwa kilo. Anayachoma nyuma ya mkungu, na moshi unaingia kwa fundi viatu, ambaye ana malalamiko yake mwenyewe na aje aandike.

Siku hizi meza imepungua. Nusu ya ule mlango ni vocha, soda za kopo na chaja. Udaku wenyewe umehamia Instagram na magrupu ya WhatsApp, na wateja wangu wakikaa chini ya draya wanatelezesha kidole, hawafungui ukurasa. Serikali nayo imehamia hukohuko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataja ponografia kwa faini zinazoanzia mamilioni, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka hata wenye blogu wakate leseni. Aprili mwaka huo wanamuziki Diamond na Nandy walihojiwa na polisi kwa video zao zilizosambaa mtandaoni. Nilimsomea Babu habari hiyo kwenye benchi. Akauliza, "Hao wenye simu, nani anawafunika?" Nikamwambia kila mtu ajifunike mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia hiyo nayo niiandike kwenye kanga.

Kwa mwenye nia ya kwenda: fika kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo yanabaki ya michezo na ya Kiingereza. Lipa kwa simu anakubali sasa, namba imebandikwa kwenye shina la mkungu, lakini ukimpa noti ya elfu kumi kwa gazeti la elfu moja jiandae kwa hotuba. Nakala za zamani za kufutia vioo anauza kwa bei ya kuridhisha, na hakuna kitambaa kinachong'arisha kioo cha saluni kuliko gazeti na maji kidogo. Msumari uko upande wa kulia, usimame kushoto. Ukitaka kukodi, chagua benchi la ndani, la nje lina mguu mfupi.

Na Ijumaa usifike mchana. Saa sita na nusu anafunika meza yote kwa nailoni, anapanga mawe pembeni, anakwenda msikitini. Hakuna mlinzi. Watu wanasimama palepale, wanasubiri arudi afunue.